Mkusanyaji, Mchakataji na Daftari la Wakala: Uhakiki wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 kwa Kuzingatia Njombe na Makambako

Sheria mbili zinazohakikiwa hapa zimepishana kwa miaka saba tu, lakini zinamtazama mtu kwa macho mawili yasiyofanana. Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2015, humtazama mwenye simu kama mshukiwa anayeweza kupatikana, na taarifa zake kama ushahidi unaosubiri kuchukuliwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, humwita mtu huyohuyo mhusika wa taarifa, ikampa haki ya kuuliza, kupinga, kusahihishiwa na kulipwa fidia. Hoja ya uhakiki huu ni kwamba sheria ya pili haikuzungumza na ya kwanza, na kwamba ukimya huo hauonekani vizuri mtu akizisoma akiwa Dodoma au Dar es Salaam. Unaonekana zaidi zikisomwa mahali ambapo kompyuta ni chache, taarifa ni nyingi, na watu wanajuana. Kwa sababu hiyo mifano imechukuliwa Njombe na Makambako. Namba za vifungu zinazotajwa ni zile za sheria hizo kama zilivyopitishwa na Bunge.

Mjadala wa kitaaluma kuhusu sheria ya 2015 umeelemea mno kwenye kifungu cha 16, yaani kosa la kuchapisha taarifa za uongo. Inaeleweka kwa nini. Kifungu hicho ndicho kilichowagusa waandishi wa habari, wanasiasa na wanaharakati, na adhabu yake, faini isiyopungua shilingi milioni tano au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote viwili, ni kubwa kwa jambo linaloweza kutendwa kwa kidole gumba. Hata hivyo msisitizo huo umefanya vifungu vya 31 na 32, ambavyo mhakiki huyu anaviona kuwa vizito zaidi kwa mwananchi wa kawaida, visomwe kama taratibu za kipolisi tu. Tutavirejea baada ya kupita kwenye daftari.

Daftari kama matini ya kisheria

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina kituo chake hapo. Madereva wa malori ya mbao, wachuuzi wa viazi, abiria wa mabasi na wanunuzi wa parachichi hupita wakihitaji kutuma na kupokea fedha, na huduma hiyo wanaipata kwa mawakala wa fedha kwa simu. Mezani kwa wakala, hapa kama kwingineko nchini, kuna simu mbili tatu na daftari kubwa lililochorwa safu kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, wakati mwingine namba ya kitambulisho, na mwisho sahihi ya mteja. Daftari hugeuzwa kuelekea kwa mteja ili atie sahihi. Anapotia sahihi, macho yake hayawezi kukwepa mistari iliyo juu ya mstari wake. Anajua aliyemtangulia ametoa kiasi gani, na akitaka kuikariri namba yake, hakuna wa kumzuia.

Mtu anayedhani kuwa sheria za mtandao zinahusu mitambo ataliacha daftari hili nje ya mjadala. Sheria ya 2015 kweli inaliacha nje, kwa kuwa msingi wa makosa yake mengi ni mfumo wa kompyuta na data iliyomo ndani yake. Mwizi wa namba anayepiga picha ukurasa wa daftari hajaingia katika mfumo wowote bila idhini. Kosa lake huanza baadaye, atakapotuma ujumbe wa kuagiza fedha zitumwe kwenye namba nyingine akijifanya ndugu au mwenye nyumba, utapeli ambao kila Mtanzania mwenye simu ameusoma walau mara moja. Hapo vifungu vya 12 na 15, kuhusu ulaghai na kujifanya mtu mwingine, huanza kufanya kazi. Sheria inamsubiri tapeli mwishoni mwa njia, ilhali njia yenyewe imeanzia mezani.

Sheria ya 2022 ni tofauti, na hapa inastahili sifa ambayo haijapewa vya kutosha. Tafsiri yake ya taarifa binafsi inahusu taarifa za mtu anayetambulika zilizorekodiwa kwa namna yoyote ile. Haisemi kielektroniki. Daftari la kalamu na rula linaingia moja kwa moja. Zaidi ya hapo, sheria inapoorodhesha taarifa binafsi nyeti, haiishii kwenye afya, dini, kabila, siasa na maisha ya kujamiiana kama zifanyavyo sheria nyingi za aina hii duniani. Inaongeza pia miamala ya kifedha ya mtu binafsi. Kwa hiyo daftari la Makambako, kwa maneno ya Bunge lenyewe, limewekwa kapu moja na jalada la mgonjwa hospitalini.

Matokeo ya kimantiki ya uamuzi huo ni makubwa, na kuna dalili kuwa waliouandika hawakuyafuata hadi mwisho. Kifungu cha 30 kinakataza kuchakata taarifa nyeti bila ridhaa ya maandishi iliyotangulia, na kinamruhusu mhusika kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote. Je, sahihi ya mteja daftarini ni ridhaa? Jibu la mhakiki huyu ni hapana. Mteja hutia sahihi kuthibitisha kuwa fedha zimetoka au zimeingia, na sahihi hiyo humlinda wakala dhidi ya mteja. Haielezi taarifa zitatumikaje, nani atazisoma, wala zitahifadhiwa kwa muda gani. Mtetezi wa kampuni ya simu anaweza kujibu kuwa kuna msamaha pale uchakataji unapotakiwa na sheria nyingine, na kwamba sheria za malipo na za kuzuia utakatishaji wa fedha zinadai kumbukumbu za miamala. Jibu hilo ni sahihi kwa kumbukumbu zilizomo katika mitambo ya kampuni. Haliwezi kuhalalisha nakala ya pili ya karatasi, iliyo wazi mezani, isiyo na kufuli wala tarehe ya kuteketezwa. Daftari likijaa, linunuliwalo ni jipya. La zamani hubaki chini ya meza, au huchanwa likafungia karanga.

Neno lililoteuliwa vibaya

Hapa ndipo suala la lugha linapogeuka kuwa suala la haki. Tangu marekebisho yaliyofanywa na Sheria Na. 1 ya mwaka 2021, Kiswahili kimetambuliwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Sheria ya 2015 ilitungwa kabla ya hapo, kwa Kiingereza. Mkulima wa Wanging'ombe aliyeandika ujumbe kwa Kiswahili angeweza kushitakiwa kwa sheria ambayo hakuwa na namna ya kuisoma, huku wakili na mpelelezi wakibishana kama maneno yake ni kukashifu, kutukana au kupotosha, maneno matatu ambayo kwa mzungumzaji wa Kiswahili hayana uzito mmoja. Istilahi za ulinzi wa taarifa binafsi, kwa upande wake, zimewafikia wananchi kwa Kiswahili kupitia kanuni za mwaka 2023 na kupitia Tume yenyewe. Hilo ni jema. Lakini istilahi kuu mbili, mkusanyaji na mchakataji, zina kasoro ambayo ingefaa iondolewe mapema kabla hazijakomaa midomoni.

Dhana inayotafsiriwa kama mkusanyaji, katika sheria za aina hii kote duniani na katika maana ya sheria yetu pia, ni ya yule anayeamua: anayepanga taarifa zikusanywe kwa lengo gani na kwa njia gani. Kiini chake ni mamlaka. Neno mkusanyaji halibebi mamlaka. Kukusanya ni kazi ya mikono. Hukusanya yule aliyetumwa kukusanya, kama mkusanya ushuru sokoni ambaye kiwango cha ushuru hakikupangwa naye. Basi mtu wa kawaida akiulizwa mkusanyaji wa taarifa zake Makambako ni nani, atamwonyesha binti aliyekaa nyuma ya daftari, na kwa Kiswahili fasaha atakuwa sahihi. Kwa maana ya sheria atakuwa amekosea, au amekosea nusu, kwa sababu aliyeamua kuwa muamala uambatane na jina, namba na kitambulisho ni kampuni yenye ofisi mbali na hapo. Binti yule yuko karibu zaidi na mchakataji, anayetenda kwa niaba ya mwingine. Nusu iliyobaki inatokana na daftari lenyewe: iwapo ni yeye aliyeamua kuliweka kwa hiari yake ili kujikinga na wateja wakorofi, basi kwa kurasa hizo yeye ndiye anayeamua.

Tofauti hii inahusu moja kwa moja nani alipe. Sheria imeweka adhabu kwa mtu binafsi anayefichua taarifa kinyume cha sheria kuwa faini isiyozidi shilingi milioni ishirini au kifungo kisichozidi miaka kumi, na kwa kampuni faini inayoweza kufika shilingi bilioni tano. Neno linaloelekeza kidole kwa binti wa kibandani linaiondoa kampuni machoni pa mlalamikaji hata kabla hajafika kwenye Tume. Istilahi kama mwamuzi wa taarifa au mdhibiti wa taarifa ingekuwa ngeni mwanzoni, lakini ingekuwa ya kweli zaidi. Mchakataji nalo ni neno la maabara. Huchakatwa ngozi, huchakatwa chai katika viwanda vya Njombe, na msikilizaji hupata picha ya kitu kinachobadilishwa umbo. Sheria inakusudia hata kuhifadhi tu bila kubadili chochote. Kasoro hii ya pili ni ndogo, na matumizi yatairekebisha.

Kinyume chake, neno ridhaa limeteuliwa vyema. Lina historia katika ndoa na katika mikataba ya ardhi, na kila mzee wa baraza anajua kuwa ridhaa ya aliyelazimishwa si ridhaa.

Njombe na taarifa za afya

Kama daftari la wakala ni mfano wa uzembe, taarifa za Virusi vya Ukimwi ni mfano wa hatari. Utafiti wa kitaifa wa athari za Ukimwi wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kuwa Mkoa wa Njombe ndio wenye kiwango kikubwa zaidi cha maambukizi kwa watu wazima Tanzania, asilimia 12.7. Katika utafiti uliotangulia, wa 2016 hadi 2017, mkoa huo pia ulikuwa juu, kwa asilimia 11.4. Takwimu hizi hunukuliwa kila mwaka katika hotuba. Kisichonukuliwa ni maana yake kwa faragha: katika mkoa huu, orodha ya wateja wa kliniki ya tiba na matunzo ni orodha ya sehemu kubwa ya jamii, na anayeishika anashika ndoa, ajira na uchumba wa watu wengi.

Usiri wa majibu ya kipimo haukuanza na sheria ya 2022. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi, Na. 28 ya mwaka 2008, ilikwisha kuulazimisha. Kilichoongezwa mwaka 2022 ni mtazamo mpana zaidi, kwamba si majibu tu bali kila rekodi inayomwelekeza mtu kwenye majibu hayo ni taarifa nyeti: tarehe ya miadi, kadi, namba ya simu iliyoandikwa kwa ajili ya kumkumbusha mgonjwa dawa. Wagonjwa walilijua hilo kabla ya Bunge. Imeandikwa mara nyingi katika tafiti za unyanyapaa barani Afrika kuwa watu huviacha vituo vya karibu na kwenda vya mbali wasikojulikana. Kilometa takriban 60 zilizopo kati ya Njombe na Makambako ni gharama ya nauli, lakini kwa mtu mwenye hofu hiyo ni hatua ya ulinzi wa taarifa aliyoibuni mwenyewe, na kwa kweli inafanya kazi kuliko fomu nyingi.

Kuna kinaya kimoja kinachopaswa kusemwa. Kwa mujibu wa misamaha ya kifungu cha 30, mtoa huduma ya afya anaweza kuchakata taarifa nyeti kwa ajili ya matibabu bila ridhaa ya maandishi, ilhali wakala wa fedha asiye na msamaha angeihitaji. Kwa tabibu ni sawa, maana tiba haiwezi kungoja karatasi. Lakini msamaha huo unamaanisha kuwa kinga pekee iliyobaki kwa mgonjwa ni nidhamu ya anayeshika jalada, na ugumu wa mtu wa nje kulipata. Swali la mwisho la uhakiki huu ni kuhusu ugumu huo wa pili.

Amri ya mkuu wa kituo

Kifungu cha 32 cha sheria ya 2015 kinampa mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa vyombo vya sheria wa ngazi inayolingana naye, mamlaka ya kutoa amri kwa mtu yeyote anayemiliki data inayohitajika katika upelelezi wa jinai kuifichua data hiyo. Kifungu cha 31 kinampa mamlaka ya namna hiyohiyo kuhusu kupekua na kukamata vifaa. Hakimu hahitajiki. Mwaka 2016 Jamii Media, waendeshaji wa JamiiForums waliokuwa wakitakiwa na polisi kufichua utambulisho wa watumiaji wao, walifungua shauri Na. 9 Mahakama Kuu kupinga vifungu vya 32 na 38 kuwa vinakiuka Katiba. Hawakufanikiwa. Mwaka 2017 Mahakama iliacha vifungu hivyo visimame.

Shauri hilo limejadiliwa kama shauri la uhuru wa maoni. Lisomwe tena kama shauri la jalada la mgonjwa. Ibara ya 16 ya Katiba inataja nafsi ya mtu, maisha yake binafsi, familia, unyumba, maskani na mawasiliano. Kila kimoja katika hivyo ni kitu ambacho mtu anacho mwenyewe, nyumbani kwake au mdomoni mwake. Haitaji kumbukumbu zake zilizo mikononi mwa wengine, na ni wazi kwa nini: haki hiyo iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, wakati kumbukumbu za namna hiyo zilikuwa chache. Sheria ya 2022 ilikuwa nafasi ya kuliziba pengo hilo. Badala yake kifungu cha 58 kimesamehe uchakataji unaofanywa kwa ajili ya kuzuia au kugundua uhalifu, usalama wa taifa na maslahi ya umma, bila kusema ni nani ahakikishe kuwa sababu hizo ni za kweli. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, matokeo ni kwamba taarifa nyeti inalindwa dhidi ya wakala, jirani, mwajiri na kampuni, na ulinzi huo unakoma kwenye meza ya mkuu wa kituo.

Wanaotetea kifungu cha 32 wana hoja nzito moja, nayo ni kasi. Fedha zilizotapeliwa asubuhi Makambako zinaweza kuwa zimetolewa Tunduma kabla ya saa sita, na mpelelezi anayesubiri hakimu atabaki na namba isiyo na kitu. Hoja hii ni ya kweli kuhusu fedha, lakini haihalalishi kifungu chote. Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 33, ina utaratibu wa kuamuru data ihifadhiwe haraka isipotee. Kuhifadhi ni jambo moja na kufichua ni jingine. Data ikishazuiwa isifutwe, dharura imekwisha, na saa zinazobaki zinamtosha hakimu kusoma maombi ya kurasa mbili. Kwa jalada la kliniki hakuna hata dharura hiyo ya kwanza, kwa sababu jalada halikimbii.

Mlinganisho na kwingineko unasaidia kidogo. Jamaika ilitunga Sheria yake ya Makosa ya Mtandao mwaka huohuo wa 2015, na ya ulinzi wa taarifa mwaka 2020, kwa mpangilio uleule wa kuanza na kosa na kumalizia na kinga. Tofauti ilikuja Aprili 2019, Mahakama Kuu ya huko ilipoibatilisha sheria ya utambulisho wa taifa iliyolazimisha raia kutoa alama za mwili, kwa kuwa ilikiuka faragha. Wiki chache baadaye, tarehe 1 Mei 2019, Tanzania ilianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, uliohitimishwa Januari 2020. Kenya, iliyokuwa na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu Novemba 2019, ilishuhudia Mahakama Kuu ikizuia kadi za Huduma mwaka 2021 kwa sababu tathmini ya athari kwa faragha haikufanywa. Sisi vidole viliwekwa kwenye vifaa vya mawakala wa barabarani kwa zaidi ya miaka mitatu kabla sheria mahsusi ya kuvilinda haijaanza kutumika, na utaratibu wa kupiga *106# ili mtu ajue ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake ni ushahidi wa kutosha kuwa si kila kidole kilitumika mara moja.

Yapo yanayopendeza tangu hapo. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Aprili 2024, na usajili wa taasisi umeendelea. Lakini mwenyekiti, makamu wake na mkurugenzi mkuu huteuliwa na Rais, na wajumbe wengine na Waziri, kwa hiyo Tume itakayopaswa kuuliza kama msamaha wa kifungu cha 58 umetumiwa vibaya na chombo cha dola inauliza ndani ya nyumba ileile. Tena Tume ni moja kwa nchi nzima, wakati mamlaka ya kuamuru ufichuzi yapo katika kila mji wenye kituo cha polisi. Mgonjwa wa Njombe ambaye jalada lake limetolewa kwa amri ya kifungu cha 32 ana haki ya kulalamika, ila hana namna ya kujua kuwa jalada limetolewa, kwa sababu hakuna kifungu kinachomlazimu mtoa amri kumjulisha baada ya upelelezi kwisha. Kifungu cha 21 kinafanya hata kumwambia kuwa kosa kwa aliyepokea amri, iwapo upelelezi unadai usiri.

Marekebisho yanayohitajika hapa si makubwa. Neno moja katika kifungu cha 32, linaloondoa taarifa binafsi nyeti kwenye mamlaka ya mkuu wa kituo na kuzipeleka kwa hakimu, lingetosha kuziunganisha sheria hizi mbili. Kwa kuwa miamala ya kifedha nayo ni taarifa nyeti, hakimu huyohuyo angeletewa pia maombi ya daftari la wakala, na upelelezi wa utapeli ungeendelea kwa amri ya kuhifadhi iliyotolewa asubuhi na amri ya kufichua iliyotolewa mchana. Mahakama zipo Njombe na zipo Makambako.